Maswali yenu: dakika za ziada, siri ya kifafa na vitabu visivyosomeka

Nina uoni hafifu na nimepewa muda wa ziada kwenye mitihani. Wenzangu wananung'unika kwamba napendelewa. Niwajibu nini?

Wape karatasi ya maswali na lenzi ya kukuzia, wasome mstari mmoja mmoja, halafu watazame saa. Maswali ni yaleyale na usahihishaji ni uleule. Uingereza kiwango kilichozoeleka ni robo ya muda, kwa hiyo mtihani wa saa 3 unakuwa wa saa 3 na dakika 45.

Ila nawe jiulize kama dakika ndizo ulizozihitaji. Wengi huomba muda kwa sababu ndio unaojulikana, kumbe dawa yao ilikuwa karatasi ya maandishi makubwa, au kufanyia mtihani kwenye kompyuta. Omba kinachoondoa kikwazo chako, si alichopewa mwenzako.

Nina kifafa. Ni lazima wahadhiri wajue?

Hapana. Ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu kwa kawaida itataka barua ya daktari, lakini mhadhiri inamtosha kujua unachostahili kupewa: labda ruhusa ya kutoka, au mtihani siku nyingine. Jina la ugonjwa halimhusu. Hata hivyo, mimi ningemweleza rafiki mmoja wa darasani la kufanya nikianguka: aondoe vitu vigumu karibu yangu, asinitie kitu mdomoni, atazame saa, na degedege likipita dakika 5 aite gari la wagonjwa.

Mimi ni kiziwi. Mkalimani wangu yuko peke yake kwa mhadhara wa saa 2, na kadiri muda unavyokwenda anaanza kuruka mambo. Ni uzembe?

Amechoka tu. Katika kazi ndefu kama hiyo, wakalimani wa lugha ya alama hukaa wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Dai wa pili. Mwombe pia mhadhiri atume slaidi mapema, maana istilahi nyingi za kozi hazina alama iliyozoeleka, na mkalimani anayekutana nazo palepale ataishia kuzitaja herufi kwa herufi kwa vidole.

Sioni kabisa. Maktaba inasema hakimiliki inawazuia kunigeuzia kitabu kiwe cha nukta nundu.

Waulize kama nchi yenu imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013. Nchi zilizojiunga zinatakiwa kuruhusu kisheria nakala za namna hiyo kwa wasioona, na hata kuzivusha mipaka. Ukipewa faili, hakikisha ni maandishi hasa, si kurasa zilizopigwa picha. Programu ya kusoma skrini ikikutana na picha tupu inanyamaza.

Nilifeli muhula uliopita kabla sijaomba chochote. Nitasahihishiwa upya?

Mara nyingi hapana, kwa kuwa marekebisho, yaani nafuu kama muda wa ziada au mkalimani, huanza kuhesabiwa tangu yalipokubaliwa. Kata rufaa ukitaka, lakini ombi la muhula huu lipeleke kwanza.