Hamlet kwenye matanga: kwa kikundi kinachoanza kuandaa Shakespeare

Vijana wa Kisumu, Kakamega na Nakuru huniuliza mara kwa mara namna kikundi cha kawaida kinavyoweza kuandaa mchezo wa Shakespeare na kuupeleka kwenye tamasha la kimataifa. Wengi huanza na nauli na viza. Mimi huwaomba tuanze na mchezo wenyewe. Matamasha haya hayamwaliki mtu kwa sababu anamjua Shakespeare, kwani wanaomjua wamejaa kila mahali. Humwalika aliyeona ndani ya mchezo jambo ambalo wao hawajaliona.

Mfano ulio karibu nasi ni tamasha la mwaka 2012 katika jumba la Shakespeare's Globe, London: michezo 37 kwa lugha 37. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, kikaletwa na kikundi kutoka Nairobi, na Falstaff, mhusika wake mkuu, akawa Mrisho Mpoto wa Tanzania. Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwa imetimiza mwaka tangu uhuru, ilileta Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba. Wazimbabwe wawili, wawili tu, waligawana wahusika wote wa The Two Gentlemen of Verona kwa Kishona. Kulikuwa hata na mchezo mzima kwa lugha ya ishara ya Uingereza. Na London si mlango pekee. Craiova nchini Romania wana tamasha lao la Shakespeare tangu 1994. Gdańsk nchini Poland kuna jumba lililofunguliwa 2014 ambalo paa lake hufunguka. Neuss nchini Ujerumani wana jukwaa la duara lililojengwa kwa kuiga Globe. Kote huko kuna watazamaji waliokwisha kuona Hamlet wengi kuliko mnavyoweza kuwaza. Wakija kwenu, wanakuja kutafuta wa kwenu.

Hapo ndipo vikundi vipya hupotea. Wakisikia "ubunifu", huanza kukusanya vitu. Macbeth avae ngozi na ashike usinga. Wachawi wawe wale wakimbiao uchi usiku. Kila onyesho lifungwe kwa ngoma ya isukuti. Haya yote yanapendeza macho, lakini yaondoe yote na mchezo utabaki vilevile, neno kwa neno. Basi ni mapambo. Mimi huuliza kikundi swali moja: uamuzi wenu mmoja ni upi, na ungebadilisha nini kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho? Wasipokuwa na jibu, tunarudi kusoma.

Niwaeleze jinsi uamuzi wa namna hiyo unavyozaliwa, kwa mchezo tulioufanyia kazi kwa muda mrefu zaidi, Hamlet: mwana wa mfalme ambaye amu yake, Claudius, amemuua baba yake kwa siri, akatwaa ufalme na kumwoa mjane. Tulikuwa tukiusoma kwa sauti mbele ya watu wazima huko Bondo, kujaribu tu lugha. Mzee mmoja akatusimamisha: "Kosa la huyu Claudius liko wapi? Si ni mke wa ndugu yake?" Alikuwa anasema kweli. Kwa desturi ya Waluo, na ya majirani zetu wengi, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Ndiyo tero, na mwenye kumrithi ni jater. Hamlet anayelia kwamba mama ameolewa na amu yake angeonekana kijana mkorofi asiyejua mila. Lakini tukaendelea kusoma, na mzee yuleyule akashtuka tulipofika mahali Hamlet anaposema kwamba haijapita hata miezi miwili, na kwamba nyama iliyopikwa kwa ajili ya msiba ndiyo hiyohiyo iliyoliwa baridi kwenye harusi. Chakula cha matanga kwenye meza ya arusi! Ukumbi mzima ulinung'unika. Kosa likaonekana: taratibu za msiba zimerukwa, mjane amechukuliwa kabla ya wakati, na aliyemchukua ndiye aliyeua. Jambo la aina hiyo kwetu huleta chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa boma zima.

Uamuzi ukatoka hapo. Mchezo wote unatokea kwenye boma lenye matanga ambayo hayaishi. Hakuna kasri wala kiti cha enzi. Kuna hema la kukodi, viti vya plastiki, jenereta na nyaya za balbu. Kaburi liko jukwaani tangu watazamaji wanapoingia, kwa kuwa kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na wachimba kaburi, ambao Shakespeare anawaleta tendo la tano, wapo tangu mwanzo, wanachimba, wanakunywa chai, wanasikia kila siri. Mfalme mpya hawezi kusema neno bila kulizunguka shimo la kaka yake.

Ukishakuwa na uamuzi kama huo, unaanza kukujibia maswali ambayo hukuuliza. Chukua lile onyesho la waigizaji wanaokuja kumtega Claudius. Kwetu aliyealikwa matangani ni mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na kwenye muziki wa nyatiti kuna pakruok: mtu huinuka, hulipa, muziki husimama, hujisifu na kuwasifu walio wake, kisha muziki huendelea. Claudius analipa na kujisifu. Hamlet naye analipa, pesa nyingi zaidi, na kumtaka mwanamuziki aimbe habari za mtu aliyetiliwa sumu sikioni akiwa amelala bustanini. Hatukuongeza chochote kwenye hadithi, na mtazamaji wa Ujerumani asiyejua neno moja la Kiluo anaona pesa ikitolewa, muziki ukikatika, na uso wa mfalme ukibadilika.

Hata lile pambano la mwisho lilipata mahali pake. Shakespeare ameandika mchezo wa panga butu, ambao ndani yake moja limeachwa kali na kupakwa sumu. Sisi tuna tero buru, wanaume kwa mikuki na ngao wakikifukuza kifo kutoka bomani kwa vita vya kuigiza. Laertes, kaka yake Ophelia, anaingia na mkuki ambao si wa kuigiza. Na Ophelia, msichana aliyependwa na Hamlet, kwangu ndiye aliyefaidika zaidi. Wasichana wanavyoponzwa kwenye disko matanga, dansi za usiku msibani, ni jambo ambalo machifu, walimu na wazazi wa magharibi mwa Kenya wamelilalamikia miaka mingi. Ophelia wetu yuko katikati ya disko hilo, muziki uko juu, na hakuna mtu mzima anayemtazama. Anapokufa maji, wachimba kaburi wanabishana kama anastahili kuzikwa kama wengine, na hilo kwetu halihitaji maelezo. Kuna familia zilizobishana hivyohivyo.

Sisemi mfanye Hamlet, wala msiba. Kisiwa cha The Tempest kinaweza kuwa kwenye ziwa letu. Mapigano ya mafahali ya Kakamega yanaweza kuwaambia kitu kuhusu Wamontague na Wacapulet, zile familia hasimu za Romeo and Juliet. Ninachosisitiza ni kutafuta ule mstari ambao watu wa kwenu wanausikia kwa uchungu kuliko wengine, kisha kuutii. Uamuzi ukikataa kitu, kiacheni hata kama kinapendeza. Sisi tuliiacha isukuti. Ni urithi wa Waisukha na Waidakho, UNESCO iliuweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, nami naupenda sana. Lakini boma letu lilikuwa la Waluo na ngoma hiyo ingeingia kama mgeni aliyekosea njia.

Kuhusu maneno, punguzeni bila woga. Hamlet kamili huchukua saa nne hivi, na tamasha halitawapa saa nne. Chapa ya kwanza ya mwaka 1603 ilikuwa kama nusu tu ya ile iliyofuata mwaka mmoja baadaye, kwa hiyo ufupi si dhambi mpya. Kateni mazungumzo ya siasa za Norway kabla ya kugusa chochote kinachohusu mama na mwana. Anayeanza kabisa nitampa Macbeth au The Comedy of Errors, kwa kuwa ni mifupi na mambo yake hayasubiri.

Tafsiri zipo, na msome zote kwa sauti. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Julius Caesar mwaka 1963, toleo lake la baadaye likaitwa Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi akatupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Mtajifunza humo jinsi Kiswahili kinavyobeba hotuba ndefu bila kuchoka. Ila jambo la haki: Shakespeare ni wa kila mtu, tafsiri si za kila mtu. Sheria ya Kenya inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na Mwalimu alifariki 1999. Mkitaka kutumia maneno yake, ombeni ruhusa kwa maandishi, kwa sababu waandaaji wa tamasha watawauliza. La sivyo tafsirini wenyewe, mkiwa mmesimama na waigizaji, kila mstari ukijaribiwa mdomoni kabla ya kuandikwa. Wachimba kaburi wazungumze kama vijana wa mtaa wa Kondele, Kisumu. Claudius azungumze Kiswahili cha taarifa ya habari.

Wengi wenu mmelelewa na tamasha la drama la shule, lile lililofanyiwa Nakuru mwaka 2025. Ni shule nzuri kuliko watu wanavyokiri. Limewafundisha kupanga jukwaa mbiombio, kukariri, kufanya benchi moja liwe gari, kitanda na kanisa, na ugenini hayo yatawaokoa. Lakini kuna tabia mbili za kuacha nyumbani. Moja ni kupaza sauti ileile mwanzo hadi mwisho, macho yakimtafuta jaji. Nyingine ni kumaliza kwa kueleza funzo. Shakespeare hamalizi Hamlet hivyo; anawaacha watu na maiti jukwaani.

Fanyeni mazoezi mchana, nje. Globe haina paa juu ya uwanja wa watazamaji, watu kama 700 husimama mbele ya jukwaa, na hakuna kuzima taa ili mwigizaji ajifiche. Mwigizaji anaona nyuso zao nao wanauona wake. Sisi tulifanyia mazoezi ufuoni Dunga saa tisa alasiri, wavuvi wakipita na samaki, na aliyeshindwa kuwafanya wapunguze mwendo alijua bado. Msitegemee pia maandishi ya kuonyeshwa juu ya jukwaa. Kwenye tamasha la 2012 pale Globe walionyesha muhtasari mfupi tu wa kila onyesho, hawakutafsiri mstari kwa mstari, na mimi naona walifanya vyema, kwa sababu watu walitazama waigizaji badala ya kusoma ukuta.

Maleba, nendeni soko la Kibuye mjini Kisumu Jumapili. Mitumba yake inatosha mfalme na mtumwa. Vitu vya chuma, mafundi wa jua kali wawatengenezee vinavyokunjika na kuingia kwenye sanduku, kwa maana shirika la ndege hupima kilo wala halijali sanaa. Angalieni sana ngozi. Ngoma za asili zilizowambwa ngozi ya kenge, kofia za mbega, usinga wa mnyamapori, vyote hivyo vinaguswa na sheria za wanyamapori hapa Kenya na mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na bila kibali vitabaki uwanja wa ndege. Hata ngozi ya mbuzi, waulizeni wenyeji wenu mapema kama nchi yao inairuhusu.

Pasipoti zianze kushughulikiwa siku mchezo unapoanza mazoezi, kabla ya mwaliko wowote, na za waigizaji wa akiba pia. Barua ya mwaliko hutaja majina. Aliyekosa pasipoti siku hiyo hawezi kubadilishwa kirahisi, na nimeona kikundi kikibaki bila Lady Macbeth kwa sababu hiyo. Wekeni mtu mmoja ambaye kazi yake ni karatasi tu, asiigize.

Mkifika kwenye tamasha, msijifungie hotelini. Tazameni michezo ya wengine, hasa ya nchi ambazo hamjui lugha yake, na muone ni wakati gani mlielewa bila kuelewa maneno. Baada ya onyesho lenu kutakuwa na mazungumzo. Watawauliza kama hii ndiyo "Afrika halisi". Jibuni kwamba hili ni boma moja, upande huu wa ziwa, na msiba mmoja, kisha waelezeni pakruok. Mpeni mpiga nyatiti azungumze. Mara nyingi ndiye anayeulizwa mwisho na ndiye mwenye mengi.

Na mwaliko ukichelewa, endeleeni kuigiza. Bondo, Busia, Mumias, ukumbi wa Mama Grace Onyango mjini Kisumu, Nakuru Players Theatre mkiweza kupata siku. Mchezo ukiigizwa mara nyingi hujikata wenyewe pale panapochosha. Video mtakayowatumia waandaaji iwe ya onyesho la karibuni kabisa, kamera moja iliyotulia, bila muziki wa kuongezwa, na sauti za watu waliokaa nyuma ya kamera ziachwe zisikike.