Mpe Mfu Wako Sababu ya Kukataa Kufa

Katika miaka yangu ya kuongoza mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huigiza wahusika wa hadithi ya kubuni na dadu huamua matokeo, kosa ninalolijutia zaidi ni kumficha adui mkuu hadi kikao cha mwisho. Alikuwa lichi, yaani mchawi aliyeitenga roho yake na kuihifadhi katika chombo ili kifo kisimpate, na nilikuwa nimemtungia historia ndefu ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Wachezaji walimkuta kaburini, wakarusha dadu, wakamwangusha katika raundi tatu. Kisha mmoja wao akauliza, bila kejeli yoyote, kwamba yule alikuwa anaitwa nani.

Tangu hapo, kabla ya kuandika nguvu zozote za adui wa namna hii, hujiuliza alikataa kufa kwa sababu gani. Jibu likiwa ni kwamba alitaka uwezo tu, najua kazi bado.

Mfano bora ni Strahd von Zarovich, mnyonya damu aliyebuniwa na Tracy na Laura Hickman na kutolewa mwaka 1983 katika mkasa wa Ravenloft. Alimtamani Tatyana, mchumba wa Sergei, mdogo wake. Akamuua ndugu yake siku ya harusi, naye Tatyana akajitupa kutoka ngomeni badala ya kuwa wake. Nchi ya Barovia anayoitawala ndiyo gereza lake. Ukishalijua hilo, huhitaji kukisia atafanya nini wachezaji wanapomkaribisha msichana anayefanana na marehemu katika msafara wao.

Adui kama huyo mlete mapema. Wengi huogopa kwamba atauawa kabla ya wakati, lakini kanuni zenyewe zinamlinda: katika toleo la tano la mchezo, mnyonya damu akiishiwa uhai nje ya jeneza lake hugeuka ukungu na kurudi kulalia humo, na lichi hupata mwili mpya ndani ya siku 1 hadi 10 maadamu chombo cha roho yake ni kizima. Mimi nilimleta Strahd katika kikao cha pili. Kwa kuwa haruhusiwi kuingia katika makazi ya mtu bila kualikwa, alisimama mlangoni akabisha hodi kwa upole, na mchezaji mmoja, kwa mazoea tu, akajibu, "Karibu." Ukimya uliofuata mezani sijawahi kuupata kwa zimwi lolote lenye meno.

Vecna, lichi mwingine maarufu wa mchezo huu, anafundisha jambo jingine, kwamba adui anaweza kutawala mchezo bila kuwapo. Mkono wake na jicho lake vilitangulia kuonekana katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1976, na anayetaka kuvitumia hana budi kujikata mkono au kujing'oa jicho lake mwenyewe. Nilipoweka mkono huo ndani ya sanduku, kikao kizima kiliisha watu wakibishana nani akatwe, wala sikurusha dadu hata mara moja.

Kuhusu Acererak, lichi wa kaburi ambalo Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, alilichezesha kwenye mashindano mwaka 1975 na kulichapisha 1978, nina maoni yasiyopendwa: ni mitego mingi kuliko mhusika. Kwa jioni moja anatosha, hasa kwa wachezaji wanaojigamba. Kwa kampeni, yaani hadithi moja ya vikao vingi inayochukua miezi, hapana, labda umwongezee haja ya moyoni ambayo kaburi lile halikumpa.

Yule lichi wangu wa kwanza nilimrudisha baadaye, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukumbuka kukitafuta chombo chake. Safari hii, kabla ya kutoa uchawi wowote, alijitambulisha kwa jina.