Wadogo Zangu Mnaofuga Mbwa, Acheni Kupiga Kelele

Jioni ufukweni Raskazone, hapa Tanga, husikii kitu ila "Njoo! Njoo! Njoo we!", na mbwa anafukua kaa mchangani, hana habari. Basi tuanze upya kumfundisha.

1. Zawadi iwe ndogo kama punje ya kunde. Maini ya kuchemsha bila chumvi yanatosha. Ng'onda, samaki wa kukaushwa, msimpe, ni chumvi tupu.

2. Kuketi: shika kipande puani pake, kipeleke taratibu juu na nyuma ya kichwa. Pua ikifuata, makalio yanashuka. Yakigusa chini tu, mpe. Ukianza kupekua mfukoni ameshasimama, na umemlipa kwa kusimama. Mkono ukipanda mno, ataruka. Neno "keti" lije akishazoea kitendo.

3. Mazoezi yawe dakika tatu hadi tano, asubuhi, kabla jua halijakaza.

4. Kuitika. Hapa ndipo tulipoharibu mbwa wengi, sisi mnaotuita wakongwe. Mbwa ametoroka, umemwita mpaka koo limekauka, mwishowe anarudi mwenyewe, nawe unamzaba kofi. Unadhani umemwadhibu kwa kutoroka. Yeye kofi kalikuta miguuni pako, mara tu baada ya kurudi, kwa hiyo anajua kurudi ndiko kunakouma. Siku nyingine atasimama hatua kumi, mkia kaufyata, anakupima; wewe unasema mbwa jeuri! Hata bila kofi, ukimwita kila mara kwa kumfunga tu, neno linaoza.

Likishaoza liache. Chukua jipya, "hapa", na kamba ya manila ya mita kumi, ile ya wavuvi. Usiizungushe mkononi, itakuchuna ngozi. Anzia uani, hatua mbili tatu. Sema mara moja. Akigeuka, msifu, akifika, vipande vitatu kimoja kimoja, kisha mwachie akacheze tena. Hicho cha kumwachia ndicho mnachokisahau. Asipokuja, chuchumaa au rudi kinyumenyume. Ukimkimbiza, kwake huo ni mchezo. Ufukweni mje mwisho kabisa, kamba ikiwa bado shingoni.

5. Kurukia watu. Mzee ana kanzu na udhu wake, anawahi magharibi. Mate ya mbwa yakimgusa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Msimcheke. Mbwa akiruka, mpe mgongo, usimsukume, maana mikono nayo ni mchezo. Miguu yote minne ikiwa chini, zawadi. Wageni nao waambiwe kabla hawajafungua geti, si baada.