Mbunge mzee anataka kugombea tena: tumwambie apumzike?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mbunge wetu ana miaka 76, amekaa vipindi vinne na anataka cha tano. Vijana wa msikitini wanasema kumchagua tena ni dhambi. Wazee wanasema kumwambia apumzike ni kumvunjia heshima. Tufuate lipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Umri peke yake si hoja ya kisheria, kwa upande wowote. Uthman bin Affan (r.a.) alipokea ukhalifa akikaribia miaka 70. Usama bin Zayd alikabidhiwa jeshi akiwa na miaka kama 18, na chini yake wamo masahaba wakubwa. Watu walipomnung'unikia, Mtume (s.a.w.) aliwajibu kuwa hata baba yake walimsema hivyo hivyo, naye alistahiki.

Kipimo kiko Surat al-Qasas, aya ya 26: mwenye nguvu, mwaminifu. Yote mawili kwa pamoja. Sahaba Abu Dharr hakuwa na doa katika uaminifu, lakini alipoomba uongozi Mtume alimwambia: wewe ni dhaifu, na hiyo ni amana (Muslim).

Nguvu ya mbunge haipimwi kwa miguu. Mkongojo si kasoro. Tazameni kazi yenyewe. Anakaa kwenye vikao vya Bunge na kamati, au jina lake tu ndilo lipo? Muswada anausoma? Mfuko wa Jimbo yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake: nani hasa anaamua zahanati ipi ipate mabati? Ikiwa anasaini asichokisoma, na aliyoahidi mwezi uliopita hayakumbuki, basi kura yenu inamwendea mtu ambaye hamkumchagua: mpwa wake, katibu wake au mfadhili wa kampeni. Mara nyingi mzee mwenyewe keshachoka. Wapambe ndio hawataki aondoke, maana ugali wao uko pale.

Kuhusu heshima, wazee wasihofu. Khalifa Umar alimwondoa sahaba Sa'd bin Abi Waqqas ugavana wa Kufa, na alipokuwa anakufa akasema hakumwondoa kwa udhaifu wala khiyana. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliacha urais wa Tanzania mwaka 1995 vipindi vyake viwili vilipokwisha, na heshima yake haikupungua hadi alipofariki 2024. Ubunge Katiba haikuuwekea ukomo wa vipindi, kwa hiyo hapa hakuna sharti analolivunja. Ila kama alitamka hadharani kwamba kipindi hiki ni cha mwisho, hilo ni deni: ahadi itaulizwa (al-Israa, 34).

Kumshauri kuna adabu zake. Waende watu wawili au watatu wa rika lake, nyumbani kwake, miezi kadhaa kabla ya kuchukua fomu. Akishatumia fedha na kutangaza nia, ni vigumu kurudi nyuma. Msitaje miaka yake. Tajeni mambo: kikao alichokosa, mradi uliokwama, barua isiyojibiwa. Klipu za kumkejeli WhatsApp ni haramu, na tena humfanya agombee kwa hasira.

Kijana anayekitaka kiti hicho naye apimwe kwa mizani hiyo hiyo. Anayegawa kanga na noti usiku wa kura za maoni ameanguka kwenye uaminifu kabla hajaingia ofisini, na ujana wake haumsaidii kitu. Hapo mzee aliye timamu ni bora kuliko yeye.

Mzee akikataa ushauri, na mkaona kwa dalili hizo kuwa kazi imemshinda, mpigieni anayeiweza. Kisima alichochimba mwaka ule hakiwafungi; shukuruni, mwombeeni dua. Na wapambe wakikuuliza umempa nani, usiseme uongo. Kura ni siri, una haki ya kutojibu.

Wallahu a'lam.