Ndiyo, 'fuck' ni tusi zito
Dada, umeuliza kama 'fuck' ni tusi kweli, maana vijana wa bodaboda hapa Kampala hulitamka kila tairi likipata pancha. Ni tusi, tena zito. Maana yake ya msingi ni kufanya ngono, ila Waingereza hulitoa kwa hasira, mshangao, hata furaha. 'Fuck off' ni kumfukuza mtu kwa dharau, 'fucked up' ni kuharibika kabisa, lakini 'fucking good' ni sifa! Kenneth Tynan, mhakiki wa tamthilia wa Uingereza, alipolitamka kwenye televisheni ya BBC mwaka 1965, wabunge wa Uingereza walikuja juu. Kwa marafiki wa rika lako litapita. Mbele ya mama mkwe au bosi usithubutu kabisa, sema tu 'lo!' au 'jamani!'