Picha zako zikae wapi? Maswali yenu kuhusu blogu ya picha

Wiki mbili hizi nimepata maswali mengi yanayozunguka jambo moja na nimefurahi sana, maana inaonyesha watu wa huku Kanda ya Kati wanapiga picha na hawataki ziishie kwenye simu. Nimechagua machache, majina nimeyaacha. Niseme msimamo wangu mapema: mimi pa kuweka picha napachagua kwa kuangalia kwanza mlango wa kutokea. Kuingia kila mahali ni rahisi, barua pepe na paswedi umemaliza, kazi ipo siku unayotaka kuhama, unatoka na nini mkononi?

Kaka mambo, nipo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka wa pili, napiga picha za mtaani na wafuasi ninao Instagram. Nihangaike na blogu ya nini wakati watu wote wako huko?

Poa mdogo wangu. Instagram usiifute, watu wako huko kweli na ndiko watakakokuona mara ya kwanza. Ila pale picha inabanwa hadi upana wa pikseli 1080 na mtu anaiona kwenye skrini ndogo huku kidole kinapandisha, sekunde moja imepita.

Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa Hombolo kwenye zabibu, kuna mama alikuwa anakata vishada na kisu kidogo, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli, jua la saa kumi na moja linapita katikati ya majani. Sasa zabibu ambayo haijaguswa huwa ina unga unga mweupe juu ya ganda, ukiishika unafutika. Yule mama akainua kishada na kidole gumba chake kikaacha alama nyeusi inayong'aa pale pale. Hiyo alama ndo picha yenyewe! Kwenye Instagram haionekani, unaona zabibu tu. Kwenye blogu nimeiweka kwa upana wa 2048 na chini yake nimeandika aya tatu kuhusu ile asubuhi mpaka jioni shambani, na mtu akiandika kwenye Google mambo ya mavuno ya zabibu Dodoma yale maneno yanamleta hadi hapo, miezi imepita na bado wanakuja. Kwa hiyo weka picha moja Instagram, zile kumi na mbili na hadithi yake weka kwako, alafu linki iweke kwenye wasifu.

Habari kaka. Mimi nipo Kondoa, nataka kuonyesha michoro ya miambani ya Kolo na maisha ya vijiji vya jirani. Hela ya kulipia kila mwezi sina. Blogger au WordPress?

Nzuri dada yangu, na hongera kwa wazo, ile michoro iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006 lakini picha zilizopigwa na mtu wa Kondoa mwenyewe akaeleza kwa Kiswahili ni chache mno.

Kwanza tuweke sawa, WordPress ziko mbili na watu wengi hapa ndo wanapotea. Kuna WordPress.com, unafungua akaunti kama unavyofungua barua pepe, wanakutunzia kila kitu. Alafu kuna ile programu yenyewe ya WordPress, ya bure, ila unaisimika kwenye hostingi, yaani nafasi ya kutunzia tovuti, unayolipia, unasasisha mwenyewe, ikivamiwa ni juu yako. Hiyo ya pili ndiyo inayokupa uhuru mkubwa kuliko zote lakini kwa mtu asiye na hela ya kila mwezi tuiache kwanza.

Kwenye bure, WordPress.com wanakupa GB 1 ya nafasi, wanaweka matangazo yao, na ukitaka jina lako mwenyewe la tovuti lazima uingie kwenye kifurushi cha kulipia. GB 1 inasikika ndogo ila ukipunguza saizi ya picha hadi kama KB 400 zinaingia picha 2,500 hivi, ni miaka ya kazi hiyo. Blogger ni ya Google tangu 2003, ya bure, na siku ukipata hela ya domeini, yaani hilo jina lako la tovuti, unaiunganisha bila kuwalipa wao kitu, unalipia domeini tu. Kwa hali yako mimi ningeanza na Blogger. Muonekano wake umepitwa, nakubali, chagua muundo mweupe mtupu wenye safu moja na ufute vile vikorokoro vya pembeni, kalenda, saa, kihesabu cha wageni, vyote. Na ukishaweka picha ibonyeze uchague saizi ya asili, usiache ile ya kati, maana hapo ndipo picha nzuri zinageuka stempu.

Ila sikia na hofu yangu. Google akichoka na kitu anakifunga: Picasa ilifungwa 2016, Google+ ikafungwa 2019, na watu walikuwa na picha zao humo. Blogger wana sehemu ya kushusha nakala ya blogu yako, ishushe kila mwisho wa mwezi, lakini jua kwamba lile faili la posti ni maandishi na anwani za picha, usilitegemee kutunza picha zenyewe! Kwa hiyo picha za asili ziwe kwako, kwenye diski ya nje na nakala ya pili mahali pengine, kwa shangazi, ofisini, popote pasipo chumba kile kile. Na folda zipe majina yanayofanana na vichwa vya posti zako, siku ya kuhama utanishukuru.

Na ukifika Kolo pitia ofisini kwanza upewe muongozaji, zima flashi, usiguse mwamba, na usikubali mtu amwagie maji mchoro eti rangi itokee vizuri. Asubuhi au jioni mwanga wa pembeni unatosha kabisa.

Nikiposti picha zangu zinachukua muda kufunguka alafu rangi zinakuwa zimefifia, kwenye kompyuta yangu ziko vizuri. Ni blogu au ni kamera?

Ni wewe, ndugu yangu, na linatibika leo leo. Kamera ya megapikseli 24 inatoa JPEG ya kama MB 8 au 10. Posti ya picha 20 hapo ni MB 160 na zaidi, na msomaji wako yuko kwenye daladala ya Nkuhungu na bando la kuungaunga. Ukizipunguza upande mrefu uwe pikseli 2048, au hata 1600, na ubora wa JPEG kwenye 80, kila moja inakuja KB 400 hivi, posti nzima MB 8. Nilifanya jaribio pale Soko la Majengo, nikaazima simu ya kawaida ya muuza nyanya, nikafungua posti yangu moja ya zamani niliyoweka picha kama zilivyotoka kwenye kamera. Picha ya kwanza ilishuka nusu ya juu, ikasimama, anga tu linaonekana, mtu aliyekuwa kwenye picha hajafika. Yule dada akaniambia "kaka bando langu linaisha". Nilirudi nyumbani nikazipunguza zote, usiku kucha, na ningezirudia tena.

Rangi kufifia mara nyingi ni kwa sababu umehifadhi kwa mpangilio wa rangi wa Adobe RGB. Wakati wa kutoa picha chagua sRGB, ule wa kawaida wa mtandaoni, basi. Na wakati uko kwenye mipangilio hiyo hiyo ondoa taarifa za GPS, kama unapiga picha za watoto wako uani usiwape watu ramani ya kwako.

Kuna fundi ameniambia nimlipe pesa ya mara moja atanitengenezea kila kitu, domeini, hostingi, muonekano. Nimpe?

Mpe kazi, usimpe umiliki. Hili limenikuta mimi. Nilimlipa mtu, akasajili domeini kwa jina lake na barua pepe yake, miaka miwili mambo safi, mwaka wa tatu hapokei simu. Domeini ikaisha muda, tovuti ikazima, na kwa kampuni ya usajili mimi nilikuwa mtu baki, wana haki, jina langu halikuwepo popote. Picha nilikuwa nazo, namshukuru Mungu, ila maelezo ya posti zaidi ya 60 yalikwenda. Kuna mzee wa Mpunguzi alinieleza majina ya Kigogo ya ng'ombe kwa rangi zao, moja moja, akinionyesha zizini, nikayaandika kwenye blogu moja kwa moja bila kuyaweka pengine. Yule mzee ameshafariki. Picha ya zizi ninayo, ng'ombe wamesimama, majina siwezi kuyarudisha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo: domeini isajiliwe kwa jina lako, namba yako, barua pepe yako, na bili ije kwako. Ukipenda ya nyumbani kuna .co.tz na kuna .me.tz ambayo ni ya watu binafsi. Kampuni ya domeini na ya hostingi ziwe mbili tofauti ukiweza, ili ukigombana na mmoja usipoteze vyote. Paswedi zote uwe nazo siku ya makabidhiano, uzibadilishe mbele yake, fundi mwaminifu hatachukia. Na maandishi yaanzie kwenye faili lako, ndo uyanakili kwenye blogu.

Mwanangu, mimi ni mstaafu, naishi Area D. Nina picha za karatasi na negativu za Dodoma tangu miaka ya 70. Wajukuu wanasema niziweke mtandaoni. Niziweke wapi?

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa 1973, maana yake wewe huenda una picha za mji kabla haujajua utakuwa nini, naomba sana zisipotee.

Kabla ya mtandao, kuzigeuza. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa 600 dpi (nukta 600 kwa kila inchi), utapata kama pikseli 2360 kwa 3540, inatosha hata kuchapisha upya. Negativu zinataka skana yake yenye taa ya negativu, usikubali stationari ikuwekee kwenye skana ya kawaida ya karatasi. Zifute vumbi kwa brashi laini, vumbi letu hili linachora. Na kaa na mjukuu mmoja mwenye subira, kila picha umwambie: hapa ni wapi, mwaka gani, huyu ni nani, aandike. Hiyo ndiyo kazi kubwa, mzee, skana ni mashine tu.

Pa kuweka, watu watakuambia Flickr, na kwa picha za zamani ni pazuri kweli, unapanga kwa albamu na mwaka. Ila akaunti ya bure mwisho picha 1,000, na sheria hiyo ilikuja baadaye: walitangaza mwishoni mwa 2018 wakati kabla ya hapo walikuwa wanagawa hadi terabaiti nzima, waliozidisha wakaambiwa walipie au zifutwe. Ndio maana nasema pawe pa kuonyesha, sio pa kutunzia. Chagua 100 zilizo bora, weka kwenye blogu ya kawaida, picha moja na maelezo yake kwa kila posti. Negativu zenyewe usizitupe kamwe, ziweke kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na bati lenye joto.

Kufungua blogu ya picha nahitaji kibali? Na watu ninaowapiga je?

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022. Usisome posti ya zamani inayotaja ada ya mamilioni ukakata tamaa, na usisikilize anayesema hamna shida wewe endelea. TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma, nenda waeleze unachotaka kuweka, hasa kama utagusa habari na matukio.

Watu: omba. Mtu akisema hapana shusha kamera, akisema ndiyo muulize na kama unaweza kuiweka mtandaoni, hayo ni maswali mawili tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Ila hata bila sheria, bibi aliyekukaribisha togwa uani kwake sio wa kumshtukiza. Mimi huwa narudi na picha iliyochapishwa, kule kwenye maabara za picha mjini sio hela nyingi, na nikirudi mara ya tatu watu wanajipanga wenyewe.

Niweke jina langu juu ya picha zisiibiwe?

Weka, ila liwe dogo, pembeni chini. Katikati unaharibu picha na mwizi anajua kulifuta. Faili kubwa la asili ndo ushahidi wako, kazi ni yako kisheria tangu ulipobonyeza, na COSOTA, wale wa hakimiliki, wapo ukihitaji kwenda mbele.

Nipo Singida. Nina picha kama 4,000, nimeshindwa kuanza. Nianzie wapi?

Anza na siku moja. Tuseme ile siku uliyokwenda ziwa Singidani asubuhi, umepiga 90. Zipitie kwenye skrini kubwa, bakiza 8, ziandikie, posti. Zile 3,910 zisubiri, hazina haraka. Ukimaliza posti ya tano nitumie linki, nataka kuziona.