Jibu: Eti Down sindromu imetoka ukoo wangu?

Pole sana dada angu, umeuliza kama ni kweli mwanao kazaliwa na Down sindromu sababu ya ukoo wako kama anavyodai mumeo, jibu kwa kawaida ni hapana. Mtoto ana kromosomu (vile vibeba urithi ndani ya seli za mwili) namba 21 tatu badala ya mbili, mara nyingi inatokea yenyewe tu wala hairithiwi, sio laana, umri wa mama ukienda uwezekano unaongezeka ila hata mabinti wadogo wanawazaa. Shemeji aache hayo maneno, yanaumiza.

Sa hivi kubwa ni moyo, mpeleke akapimwe hata kama anaonekana mzima maana karibu nusu ya hawa watoto wana shida ya moyo. Wangu akinyonya jasho linamtoka kwenye paji la uso, anavuta mara tatu nne anaachia anahema, mama mkwe anasema joto la Dar hilo, kumbe moyo una tundu, eko, kile kipimo cha picha ya moyo, ndo ikaonyesha. Kama uko Dar nenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Na thairoidi, ile tezi ya shingoni, wampime pia, usisahau.